Kashata ya Saa Kumi

1

Barua ya kufukuzwa jeshini ilinikuta nimeshika kamba, na upande wa pili wa kamba hiyo alikuwa ananing'inia mzee mmoja mpima mvua aliyeteleza kwenye korongo la Numbe na kuvunjika mguu.

Haikuwa barua ya karatasi. Mwaka ule wa 2094 karatasi zilikuwa zimebaki kwa watunza nyaraka na wauza vitumbua. Ilikuja sikioni, kwa ile sauti tamu ya kike ambayo kambi nzima ya Kitulo tulikuwa tumeshaanza kuichukia.

"Sajini Nyamizi Kasanda. Jeshi la Shirikisho linakushukuru kwa utumishi wako. Umebainika kuwa na maradhi ya kudumu: kisukari. Unaombwa kusitisha kazi zote mara moja."

"Nisitishe?" nikafoka. "Niiachie kamba?"

"Unaombwa kusitisha kazi zote mara moja."

"Pumbavu!"

"Nimefanya nini tena mimi?" mzee akauliza kutoka chini.

"Si wewe, baba. Shika hapohapo, usitazame chini."

Nyuma yangu Koplo Lutufyo, aliyekuwa amekita visigino ardhini na kunishika mkanda kiunoni, akaanza kucheka. Huyu Lutufyo nimemjua tangu tukiwa kuruta, na hucheka pale ambapo wenzake wanasali. "Na mimi nimepata yangu sasa hivi," akasema huku akihema. "Pumu. Linanishukuru sana."

"Vuta kwanza, shukrani baadaye!"

Tukamvuta. Hatua kwa hatua, viganja vinaungua, ukungu umetufunika mpaka nyusi. Tulipomfikisha juu mzee alinikumbatia shingoni akagoma kuniachia, ikabidi Lutufyo ambandue taratibu. Alikuwa mtu wa arobaini na mbili niliyemtoa kwenye milima ile kwa mikono yangu. Na ile sauti haikuchoka, ilikuwa bado inaniomba nisitishe.

2

Kijicho ndicho kilichotuchongea. Kilikuwa kitu kidogo, punje ya mtama ni kubwa kuliko hicho, walichotupachika chini ya mtulinga jeshi zima, wiki mbili kabla ya siku ile. Kinasoma damu, moyo, jasho na pumzi, kisha kinalinganisha na Askari Kigezo. Ukipishana na Kigezo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, umepewa shukrani. Kambini neno hilo lilishakuwa tusi. "Fulani yuko wapi?" "Kapewa shukrani."

Orodha ya kwanza ilikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Wenye kisukari, pumu, kifafa, selimundu, shinikizo la damu. Wapo waliokuwa hawajijui kabisa, wameshtukizwa kama umwagiwe maji usingizini. Kila mmoja alipewa siku saba za kukata rufaa. Niliyekata ni mimi peke yangu. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilikuwa na hasira tu. Makao makuu wakajibu kwamba vizuri, shauri langu litasikilizwa na Bodi ya Tiba hapohapo Kitulo, na uamuzi wake utawahusu wote waliomo kwenye orodha.

"Umetubeba wote," Lutufyo akaniambia tukiwa bwaloni. Safari hii hakucheka. Alikuwa na watoto wanne na hajui kazi nyingine duniani zaidi ya kamba na mlima. "Ukianguka, tumeanguka."

"Nani kanituma mimi!"

"Mdomo wako, dada."

Nikafungua vielelezo vya shauri kwenye kioo cha meza, ili walau nijue nitaanguka kwa lugha gani. Kielelezo cha pili kilikuwa Kigezo chenyewe. Sikuwahi kukiona, sote tulikisikia tu. Maelezo yalisema kwamba miaka kumi na minne iliyopita kuruta mia mbili walivalishwa mikanda ya kifuani kwa siku arobaini, mikanda ya kusoma moyo, jasho, joto na mtetemo wa misuli. Damu enzi hizo haikuguswa; safu yake ilijazwa baadaye kwa vipimo vya mtu asiye na ugonjwa wowote. Kuruta mmoja aliwashinda wenzake katika kila jaribio: mbio, mizigo, kamba, maji. Mwili wake ndio uliofanywa kipimo cha jeshi zima. Jina lake likafutwa ili kutunza siri zake.

Chini ya maelezo kulikuwa na mchoro wa siku moja ya huyo mtu. Mstari wa moyo unatambaa vizuri tangu alfajiri. Ikifika saa tisa na nusu alasiri unaanza kupanda, jasho linapanda nao, misuli inatetemeka. Saa kumi na robo kila kitu kimetulia. Kesho yake vilevile. Siku arobaini, vilevile. Pembeni mainjinia wameandika: "Mwili uliokamilika huhitaji utamu saa kumi jioni." Chembe za alichokuwa anakula, zilizonaswa kwenye mkanda, zilipimwa maabara na kuigwa kiungo kwa kiungo.

Wakati huohuo kengele ikalia. Saa kumi kamili. Bwalo zima, watu mia mbili, wakanyamaza, wakatoa pakiti zao za kijani na kuanza kutafuna. Hiyo ilikuwa Kanuni ya Nne: Kirutubisho cha Alasiri, dakika tatu, bila maneno. Sisi tulikiita kashata, maana ni kashata. Jeshi zima la Shirikisho, kuanzia baharini mpaka maziwa makuu, lilikuwa linakula kashata saa kumi jioni, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nikasogeza mchoro hadi siku ya kumi na tisa. Pale mstari haukutulia saa kumi. Ulipanda, ukapanda, ukawa kama meno ya msumeno mpaka karibu saa kumi na moja, kisha ukashuka ghafla. Mainjinia wameandika: "Hitilafu ya mkanda. Ipuuzwe."

"Lutufyo," nikasema, kengele haijaisha, watu wakanigeukia kwa macho makali. "Unakumbuka mto Kiwira? Tulipokuwa kuruta?"

Akameza. "Siku uliyoanguka kwenye mchanga," akanong'ona. "Nikakumiminia sukari yangu ya uji mdomoni. Ulikuwa unanitukana Kinyamwezi."

"Ilikuwa siku ya ngapi ya mafunzo?"

Akaweka kidole kwenye ile siku ya kumi na tisa. Alikuwa ameshauona mchoro.

3

Nieleze. Niliugua nikiwa na miaka kumi na tano. Nikiwa na kumi na tisa nilitaka jeshi kuliko nilivyotaka chakula, na jeshi halikuwataka watu wa aina yangu. Mama yangu, fundi wa kashata sokoni Tabora, alikuwa ananitumia dawa ndani ya kopo la kashata: insulini ile ya kizamani, nyeupe kama maji ya mchele, ambayo zahanati za kwetu zilikuwa bado nazo. Najichoma alfajiri chooni. Dawa ile nguvu zake zote huzitoa mchana, kwa hiyo ikifika saa tisa na nusu sukari imeshuka, mikono inanitetemeka, jasho jembamba linanitoka. Saa kumi, tukipumzika, naingiza mkono mfukoni, nakula kashata ya mama. Siku ya kumi na tisa kashata zangu zilichukuliwa na mto.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya mwili uliokamilika.

Lakini kulikuwa na siri ya pili, na hiyo haikuwa yangu. Siku ya kuandikishwa walipima mkojo. Daktari wa zamu alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mpole, mwenye masikio makubwa. Aliuangalia mkojo wangu, akaniangalia mimi, akaniuliza, "Unaitaka kweli kazi hii?" Nikasema naitaka. Akachukua kikopo kitupu, akaenda nyuma ya pazia, akarudi nacho kimejaa.

Daktari yule sasa alikuwa Meja Daktari Ambakisye, mganga mkuu wa kambi. Na mjumbe wa Bodi.

Nilimfuata zahanati asubuhi ya siku ya shauri. Alikuwa peke yake, ananawa mikono. Nikamweleza yote, nikamwonyesha mchoro. Akautazama mpaka nikaona aibu kuendelea kusimama pale.

"Binti," akasema hatimaye, "kubali shukrani. Uondoke na cheo chako na heshima yako. Ukiyasema haya, ni udanganyifu wakati wa kuandikishwa. Watakuvua cheo na kukufunga."

"Najua, afande."

"Na watauliza ulipitaje."

"Sitasema."

"Wataendelea kuuliza." Akanawa mikono tena, ilhali ilikuwa safi. "Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, Nyamizi. Mitatu tu. Nimeshapanda parachichi kule Tukuyu. Sikukusaidia ili nilipwe, Mungu anajua. Lakini sikujua kwamba siku moja utakuja kuniomba nilipe mimi."

Loo! Hapo nilikosa pa kuweka uso. Mtu huyu alinipa maisha yangu yote ndani ya kikopo cha plastiki, hakuwahi kunidai hata ahsante. Nikinyamaza, ananusurika yeye, na watu mia tatu na kumi na mmoja wengine wanavua buti pamoja nami. Nikisema, huenda wakabaki, naye akaangamia kwa wema wake. Nilitoka zahanati nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia, na sioni haya kulisema. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimezoea kamba yenye mtu mmoja upande wa pili. Hii ilikuwa na watu kila upande.

4

Bodi ilikaa saa tisa alasiri. Mwenyekiti alikuwa Brigedia Rukonge, mtu mnene, makini, aliyependa Kigezo kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Kushoto kwake Daktari Ambakisye. Kulia, mbele ya mitambo, Luteni Ndeshi, msichana mkavu asiyesema neno ambalo mashine haijalisema kwanza. Nje, uwanjani, waliokuwa kwenye orodha walisimama kwenye baridi wakisikiliza kwa vipaza sauti.

Brigedia alisoma maradhi yangu kana kwamba anasoma makosa. Akauliza kama nina la kusema. Nikajibu maswali ya kawaida, nikataja watu arobaini na wawili niliowaokoa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hakuna anayekataa ushujaa wako, Sajini. Lakini Kigezo ni Kigezo. Mwili wako si mwili wa askari."

Nilikuwa sijaamua. Naapa, mpaka dakika ile nilikuwa sijaamua. Kisha kengele ikalia.

Brigedia akainua kidole: subiri. Akatoa pakiti yake ya kijani. Ndeshi akatoa yake. Daktari akatoa yake. Wakaanza kutafuna, waheshimiwa watatu, mashavu yanapanda na kushuka, macho yametazama mbele kama wanavyoagizwa. Dakika tatu nzima nilisimama nikiwatazama wakila kashata ya mama yangu, mimi ambaye mwili wangu si wa askari.

"Ni tamu, afande?" nikauliza kabla dakika hazijaisha.

Brigedia nusura apaliwe. "Unavunja Kanuni ya Nne!"

"Karanga za kukaanga nusu. Sukari. Chumvi kidogo. Na tangawizi. Kwenye kanuni mmeandika kwamba tangawizi ni kiungo ambacho umuhimu wake haujabainika, kwa hiyo kibaki kama kilivyo. Mnataka kujua umuhimu wake? Mama yangu anapenda tangawizi. Basi."

Nikasema yote. Insulini, choo cha alfajiri, saa tisa na nusu, mto Kiwira.

"Huu ni upuuzi," Brigedia akasema, lakini akaiweka pakiti mezani.

"Moyo wa mtu haufanani na wa mwingine, afande. Mwambie Luteni aulinganishe wangu na wa Kigezo."

Akasita, kisha akampa Ndeshi ishara. Vidole vya Ndeshi vikapita kwenye kioo. Mistari miwili ikatokea ukutani, mmoja wa kijani, wa miaka kumi na minne iliyopita, mwingine mwekundu, wangu wa dakika ile. Ikasogeleana. Ikalaliana. Ndeshi akarudia tangu mwanzo. Akarudia mara ya tatu.

"Ni mtu mmoja, afande."

"Una hakika?"

"Ni kama alama ya kidole, afande. Sajini Kasanda ndiye Askari Kigezo."

Uwanjani mtu mmoja akapiga mluzi, na ninamjua.

"Kigezo ni mgonjwa wa kisukari," nikasema. "Miaka kumi na minne mmewalisha wazima kashata ili wafanane na mgonjwa. Leo mmepachika kijicho, kwa mara ya kwanza kimeonja damu ya Kigezo, na kwa kanuni zenu Kigezo kimefukuzwa. Sasa niambieni, hao walioko nje wamepishana na nini?"

Hasira ikamwokoa Brigedia, kama inavyotuokoa wengi. Akapiga meza. "Ulidanganya jeshi! Mkojo ulipimwa! Nani alikupitisha?"

"Sitasema, afande."

"Nitakufunga mpaka useme!"

"Nifunge. Sitasema."

"Sajini Kasanda, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mkojo ule ulikuwa wa nani?"

Sikumtazama Daktari. Nilikaza macho kwenye ule mstari mwekundu ukutani, nikauona moyo wangu unavyokwenda mbio, kila mtu anauona. Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Ulikuwa wangu," akasema Meja Daktari Ambakisye.

Alikuwa amesimama wima, masikio yake makubwa yamewaka. Nje vicheko vikalipuka, nusu ya watu wakicheka bila kujua wanacheka nini, kisha vikazimika vyenyewe.

"Mkojo ulikuwa wangu, afande. Nilimwona mtu anayetaka kazi, nikaona kanuni isiyomjua. Nimekaa kimya miaka kumi na minne kwa sababu nilikuwa naogopa. Nimebakiza mitatu, na nilikuwa bado naogopa mpaka saa kumi ya leo. Sasa andikeni."

"Afande, kwa nini?" nikamwuliza, machozi yananitoka mbele ya Bodi nzima.

"Kaa sawa, Sajini," akaniambia kwa upole. "Hujaruhusiwa kulia."

5

Uamuzi ulisomwa kesho yake, tukiwa tumepanga mistari uwanjani. Brigedia alikuwa hajalala, hilo lilionekana. Sitasema alitupenda. Lakini alikuwa makini, na mtu makini ukimwonyesha hesabu imekosewa hawezi kuiacha. Kigezo kimefutwa. Hakuna askari atakayeondolewa kwa sababu ya jina la ugonjwa. Kila mmoja atapimwa kwa kazi yake, na daktari atakaa naye apange dawa, zamu na mapumziko. Mia tatu na kumi na wawili wanabaki kazini.

Sikusikia kilichofuata. Kofia mia tatu zilikuwa hewani. Lutufyo alininyanyua juujuu akanizungusha, anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka, mpaka ikabidi nimpokonye dawa yake ya kuvuta nimwekee mdomoni mwenyewe.

"Tulia, utatufia siku ya ushindi!"

"Nife mara ngapi? Sina ruhusa!"

Yaliyobaki nilisomewa ofisini. Kwa udanganyifu, nashushwa kuwa koplo na kufungwa siku ishirini na moja. Daktari Ambakisye anastaafishwa mara moja. Yeye ndiye pekee katika shauri lile aliyepewa shukrani.

Nilitoka lupango siku aliyokuwa anaondoka, amemaliza kukabidhi zahanati. Nilimkuta langoni, sanduku moja miguuni, anasubiri gari la Tukuyu. Nilikuwa nimeandaa maneno siku zote ishirini na moja. Yote yakaniruka.

"Parachichi zitakuwa zimekomaa," akasema, kunisaidia.

"Afande, sitaweza kukulipa."

"Nani anakudai? Nilitoa mkojo, binti, sikutoa figo." Tukacheka wote wawili mpaka mlinzi akageuka.

Siku hiyo hiyo agizo lilikuwa limeingia kutoka makao makuu: Kanuni ya Nne imefutwa, Kirutubisho cha Alasiri hakina msingi wa kisayansi, kengele isipigwe tena. Nilitazama saa. Saa kumi kamili. Kengele haikulia. Uwanjani kikosi kilikuwa kinafanya zoezi la kamba, na kwa muda kidogo nikadhani mambo yamekwisha hivyo.

Kisha Lutufyo akaacha kamba yake. Akaingiza mkono mfukoni. Pembeni yake mwingine akafanya vilevile, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukasimama. Mlinzi wa lango akatoa yake. Kule juu, dirishani kwa Brigedia, nikaona mkono mnene unafungua pakiti ya kijani. Hakuna aliyesema neno. Walitugeukia sisi wawili, wakatafuna wakitutazama.

Nikakata kashata yangu, nusu nikampa Daktari.

"Sukari yako ni tano nukta nane," kijicho kikaniambia sikioni. "Huihitaji."

"Najua," nikasema, nikauma.